Kete 64 za Scutari: Historia ya uuguzi ichezwe, isikaririwe

Mwaka 1911 Martha Chase, mtengenezaji wa wanasesere wa mji wa Pawtucket nchini Marekani, aliletewa oda ya aina yake. Alizoea kutengeneza wanasesere wa kitambaa wa kuchezewa na watoto. Safari hii aliyeagiza alikuwa mkuu wa shule ya wauguzi ya Hospitali ya Hartford, jimbo la Connecticut, na alichotaka ni mwanasesere mwenye kimo cha mtu mzima na viungo vinavyokunjika, anayeweza kulazwa, kugeuzwa ubavu, kuogeshwa kitandani na kufungwa bandeji. Wanafunzi walimwita Bibi Chase, na jina likamganda. Masanamu ya mazoezi yaliyolala leo kwenye maabara za vyuo vya uuguzi, huko Hartford na hapa Mwanza pia, ni wajukuu zake.

Uuguzi, basi, ulikubali zaidi ya karne moja iliyopita kwamba mikono hujifunza kwa kuigiza. Hakuna mkufunzi atakayemruhusu mwanafunzi amchome mgonjwa sindano ya kwanza eti kwa kuwa amezikariri hatua zake barabara. Ila ikija historia ya taaluma hiyohiyo, tunarudi kwenye madesa. Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei 1820, alikwenda vita vya Crimea, alishika taa, alianzisha shule katika Hospitali ya St Thomas mwaka 1860, akafariki 1910. Mwanafunzi anayameza hayo, anayatema kwenye karatasi ya mtihani, na ikifika Siku ya Wauguzi Duniani anavaa sare iliyopigwa pasi, anawasha mshumaa na kuandamana na wenzake, huku hajawahi kuulizwa yeye angefanya nini kama angekuwa mahali pa yule mwanamke.

Ninaamini historia hii inafaa kuchezwa. Sisemi hivyo kwa kuwa vijana wa siku hizi hawapendi kusoma. Hiyo ni hoja inayowaonea vijana. Sababu yangu ni nyingine. Darasani mwanafunzi huijua historia kutokea mwisho: anajua nani alikuwa sahihi, nani alijengewa sanamu, nani alisahauliwa. Waliokuwapo hawakujua. Walisimama wodini usiku, vifaa haba, wakubwa wao hawaelewani, na wakalazimika kuamua. Mchezo ulioundwa vizuri humnyima mwanafunzi mwisho wa hadithi na kumweka palepale penye kuamua. Na kazi ya muuguzi, maisha yake yote, ni kuamua kabla hajajua mambo yataishaje.

Tuchukue mchezo usiohitaji kompyuta, umeme wala bando. Tafuta bao. Lina mashimo 32 na kete 64. Weka kete mbili mbili katika kila shimo. Kila kete ni askari wa Kiingereza aliyevushwa kwa meli Bahari Nyeusi hadi Scutari, ng'ambo ya Istanbul, kwenye kambi ya jeshi la Waturuki iliyogeuzwa hospitali. Mchezo una raundi nane, mwezi kwa mwezi, kuanzia Novemba 1854 hadi Juni 1855. Wanafunzi wagawanyike watatu watatu: mmoja muuguzi mkuu, mmoja daktari wa jeshi, mmoja bwana ugavi mwenye funguo za stoo. Kila mwezi kundi linapewa sarafu chache, na mezani zimepangwa kadi za kununua: mashati safi, brashi za kusugulia sakafu, jiko la chakula cha wagonjwa, nyumba ya kufulia, bandeji, magodoro.

Raundi ya kwanza pekee inatosha kuwatoa jasho. Ni tarehe 4 Novemba. Muuguzi mkuu ameshuka melini na wanawake 38. Pesa anazo, zikiwemo zilizochangwa kupitia gazeti la The Times. Daktari anasoma kadi yake: hatukuwaita, hatuwahitaji. Wagonjwa wamelala chini, kwenye uchafu. Ufanye nini?

Nadhani wanafunzi wengi wataingia wodini kwa nguvu, maana huruma ndiyo iliyowaleta chuoni. Nightingale hakuingia. Aliwazuia wauguzi wake, akawaketisha kushona na kutayarisha vitambaa, akangoja madaktari wamwite wenyewe, na baadhi ya wale wanawake walichukizwa naye. Siku chache hazikupita, majeruhi wa mapigano ya Inkerman na wagonjwa wa kuhara wakamiminika kwa mamia, madaktari wakalemewa, wakaja kuomba msaada. Tangu siku hiyo mlango ulikuwa wazi. Lakini je, alikuwa na haki ya kungoja? Waliokufa katika siku zile za kungoja wahesabiwe kwa nani? Hapo darasa litagawanyika, na mwalimu asikimbilie kulipatanisha, kwa sababu ugomvi huo si wa mwaka 1854 tu. Muuguzi yeyote aliyewahi kusimama mbele ya maelekezo ya daktari asiyoyaafiki, saa tisa usiku, anaufahamu.

Kisha raundi zinaendelea. Desemba kundi linanunua mashati. Januari linafungua jiko. Wagonjwa wanakula, wanavaa, wanafuliwa. Wachezaji wameanza kujiamini. Ikifika Februari mwalimu anafungua jedwali lake, anawaambia: toeni kete 27.

Watapinga. Watasema umekosea hesabu. Hujakosea. Februari 1855 vifo katika hospitali za Scutari vilifikia asilimia 42.7 ya waliotibiwa, na kwa kete 64 hesabu hiyo ni 27. Wazitoe kwa mkono, moja moja, waone mashimo yanavyobaki matupu. Mashati wamenunua, jiko wamefungua, mbona watu wanakufa hivi?

Chini ya jengo lile mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba, na hewa ya vyooni ilirudi wodini. Palikutwa hata mzoga wa farasi katika njia ya maji yaliyotumiwa hospitalini. Kadi ya mifereji haiko mezani. Iko London. Hainunuliwi kwa sarafu. Inaombwa kwa barua kwa waziri, na barua hula raundi mbili kabla majibu hayajarudi. Nightingale aliandika barua nyingi sana kwa Sidney Herbert, waziri aliyemtuma, na vilio vya magazetini na bungeni vilisukuma upande wao. Tume ya usafi iliyotumwa na serikali ilifika Machi, ikazibua mifereji, ikaondoa mizoga, ikapaka kuta chokaa. Juni vifo vilikuwa asilimia 2.2. Kwenye bao letu hiyo ni kete moja.

Mwanafunzi aliyetoa kete 27 mwezi mmoja na kete moja miezi minne baadaye hahitaji kukariri asilimia hizo. Na atakuwa ameelewa jambo ambalo hadithi ya taa humficha. Fanusi ya Kituruki aliyotembea nayo Nightingale usiku iliwafariji watu waliokuwa wakiteseka, na faraja si kitu kidogo. Lakini vifo vilishuka kwa koleo na chokaa. Nightingale mwenyewe alizichambua takwimu hizo aliporudi Uingereza, akisaidiana na William Farr, bingwa wa takwimu za vifo, na mwaka 1858 akatoa mchoro wake maarufu wa duara lililokatwa vipande, wenye kuonyesha kwamba maradhi yanayozuilika yaliua askari wengi kupita silaha za adui. Katika vita vile Waingereza zaidi ya 16,000 walikufa kwa maradhi.

Jeshi halikuwa geni kwa michezo. Miaka 30 kabla ya Scutari maofisa wa Prussia walikuwa wakifundishwa vita juu ya meza, kwa ramani, dadu na vipande vya kuwakilisha vikosi. Walicheza namna ya kushambulia na kurudi nyuma. Ingalifaa pia mtu awachezeshe choo na chakula.

Michezo ya namna hii kwa upande wa afya ipo, tena imeshika mizizi vyuo vikuu vya Marekani. Katika chuo cha Barnard, New York, mwanahistoria Mark Carnes alianzisha miaka ya 1990 mtindo wa kufundisha ambao wanafunzi hupewa nafasi za watu wa zamani, wakasoma maandiko ya wakati huo, kisha wakabishana darasani kwa majuma kadhaa na kupiga kura. Mmoja wa michezo iliyotokana na mtindo huo unahusu kipindupindu cha London cha mwaka 1854, kwenye bomba la maji la Broad Street. Wanafunzi huketi kama wajumbe wa baraza, daktari John Snow analeta ramani yake ya vifo, na swali ni kama mpini wa bomba ung'olewe au using'olewe.

Uzuri wake ni kwamba wengi mle barazani wana sababu nzuri za kumpinga Snow. Waliamini ugonjwa hutokana na hewa chafu, na waliona kwa macho kwamba penye uvundo watu hufa. Nightingale mwenyewe alikuwa upande huo, na alishikilia imani hiyo kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa leo, aliyefundishwa bakteria tangu shule ya msingi, anapewa kazi ya kutetea hewa chafu kwa dhati, kwa ushahidi uliokuwapo. Katika historia halisi mpini uling'olewa tarehe 8 Septemba, baada ya mlipuko kuanza kupungua wenyewe. Waliokufa walikuwa 616. Henry Whitehead, kasisi wa mtaa huo, alianza kwa kumbishia Snow, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza nani alikunywa maji ya wapi, na ushahidi alioukusanya ukamgeuza kuwa shahidi wake mkubwa. Ningependa kila mwanafunzi wa uuguzi wa jamii acheze nafasi ya Whitehead walau mara moja, kwani kazi yake ya baadaye, ya kupita mlango kwa mlango na daftari wakati wa kipindupindu, imo humo yote.

Hata hivyo mchezo unaweza kuumiza. Kampuni moja ya Denmark, Serious Games Interactive, ilitoa mwaka 2013 mchezo wa kompyuta wa kufundisha watoto historia ya biashara ya utumwa. Mlikuwa na sehemu ambayo mchezaji alipanga miili ya watumwa melini kwa mtindo wa Tetris, ili waenee wengi. Waliobuni walisema walitaka kuonyesha unyama wenyewe. Mwaka 2015 watu walipouona walikasirika dunia nzima, na sehemu ile ikaondolewa. Sisi ambao Unguja ya babu zetu ilikuwa na soko la watumwa hadi 1873 hatuhitaji kuelezwa kosa liko wapi. Mchezo ule ulimpa mtoto alama kwa kupanga vizuri. Kinachopewa alama ndicho kinachofundishwa.

Kwa hiyo yapo mambo ambayo dadu na sarafu zisiyaguse. Eunice Rivers alikuwa muuguzi mweusi wa Alabama. Tangu 1932 hadi 1972 alikuwa kiungo kati ya idara ya afya ya Marekani na wanaume weusi wa Tuskegee, 399 kati yao wakiwa na kaswende, ambao waliachwa bila tiba ili ugonjwa utazamwe unavyokwenda, hata baada ya penisilini kupatikana. Yeye ndiye aliyewachukua kwa gari kwenda kupimwa. Walimwamini kama ndugu. Hapa hakuna mshindi wa kutafutwa. Hapa wanafunzi wakae duara, kila mmoja ajibu kwa sauti yake kama angekuwa Rivers mwaka 1947, penisilini ikiwa imekwisha kupatikana: unajua nini, unaogopa nini, utamwambia nani. Ni uigizaji pia, lakini bila alama, bila saa, na mwalimu akiwa na muda wa kutosha wa kukaa na wanafunzi baadaye.

Nafasi ya Mary Seacole inadai uangalifu huohuo. Huyu alizaliwa Kingston, Jamaica, mwaka 1805, alijifunza dawa kwa mama yake, aliuguza wagonjwa wa kipindupindu Panama, na alipofika London kuomba kwenda Crimea, kila ofisi aliyobisha ilimkatalia. Katika kitabu chake cha mwaka 1857 anajiuliza kama ni kwa sababu ya ngozi yake. Alikwenda kwa pesa zake, akafungua nyumba yake ya chakula na tiba karibu na Balaklava. Ukimpa mwanafunzi kadi ya Seacole kwenye mchezo wa Scutari, atakataliwa raundi ya kwanza, ya pili, na ya tatu, huku wenzake wanacheza. Atachukia. Mwalimu amweleze mapema kwamba kadi hiyo ina njia yake, asimwache ajihisi yeye ndiye anayedharauliwa. Na kadi hiyo isigawiwe kwa kutazama sura za wanafunzi.

Historia yenyewe isianzie Uingereza. Wanafunzi wetu Waislamu wengi wamesikia Vita vya Handaki vya mwaka 627, lakini ni wachache walioambiwa kwamba Saad bin Muadh alipopigwa mshale alipelekwa kuuguzwa kwenye hema la Rufaida al-Aslamia, karibu na msikiti wa Madina. Hema hilo lina haki ya kuwa kituo cha kwanza kwenye ubao wowote utakaochorwa pwani hii. Upande wa bara, Katharine Timpson, muuguzi wa misheni, alitoka Mombasa na msafara uliokwenda kwa miguu na kufika Mengo, Uganda, mwanzoni mwa 1897. Akaolewa na daktari Albert Cook na baadaye akaanzisha shule ya wakunga. Njia ile ya misafara, pamoja na wapagazi waliobeba masanduku ya dawa, ni mchezo mwingine mzima.

Lakini unaonivuta zaidi ni wa Kariakoo. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walichukua mamia ya maelfu ya Waafrika kubeba mizigo nyuma ya jeshi lililomfukuza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Wapagazi hao waliitwa Carrier Corps, jina ambalo bado tunalitaja kila tunapopanda daladala kwenda sokoni Kariakoo. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na nimonia, si risasi. Unga wa mahindi ulisagwa vibaya, ukaivishwa nusu kwa kukosa kuni na muda, ukalishwa watu ambao baadhi yao walikulia kwenye ndizi.

Rudisha kete zote 64 kwenye bao. Sasa ni wapagazi, na ni bonde la Rufiji, masika ya 1917. Wachezaji ni vijana wa kikosi cha tiba cha Waafrika kilichoundwa Uganda, wengi wao wametoka shule za misheni, wanaosafisha vidonda na kugawa kwinini. Kadi mezani: sufuria kubwa, kuni, saa mbili za kupikia, blanketi, koleo la kuchimbia vyoo. Waliocheza Scutari watakimbilia koleo, na watakuwa wamejifunza kitu. Kisha watagundua kwamba njaa na unga mbichi havingoji choo kikamilike.

Tofauti kubwa iwe kwenye kutoa kete. Scutari walihesabu. Wapagazi, kwa sehemu kubwa ya vita, hawakuhesabiwa vizuri, na baada ya vita mishahara ya wengi ilibaki bila mwenyewe kwa kuwa haikujulikana nani yuko wapi. Kwa hiyo mwalimu afunike bao kwa kitambaa, atoe kete kimyakimya, na wachezaji watakiwe waseme wenyewe ni wangapi wamekufa, kwa kutazama chakula kilichobaki na blanketi zisizo na mtu. Wakishindwa kuhesabu, hawapati kadi ya kuomba dawa. Nightingale angeuelewa mchezo huo mara moja.

Kijana wa kiume anayesomea uuguzi, anayetaniwa mtaani kwamba ameingia kazi ya wanawake, atajiona kwenye bao hilo. Madresa, yaani wafunga vidonda, wa kwanza wa Afrika Mashariki walikuwa wanaume, na wengine walijifunza kazi kwenye kambi kama hizo.

Michezo ya chemsha bongo ninaipitia kwa haraka, kwa sababu hufundisha kidogo kuliko inavyodhaniwa. Inafaa kuondoa makosa yaliyozoeleka. Mfano mzuri ni kiapo kinachoitwa cha Florence Nightingale, ambacho wauguzi husimama na kukitamka: hakuandika yeye. Kiliandikwa Detroit mwaka 1893 na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, mkuu wa shule ya wauguzi ya huko. Swali hilo moja litachangamsha ukumbi kwa dakika tano. Lakini halimweki mtu penye kuamua.

Gharama si kikwazo. Bao lipo, karatasi za manila zipo, na saa mbili za ratiba zinapatikana. Kinachohitajika ni nusu ya muda huo iachwe kwa mazungumzo baada ya mchezo, kama inavyofanyika tayari kwenye maabara baada ya zoezi la sanamu: ulifanya nini, kwa nini, ungebadilisha nini. Bila hayo kete zitabaki kuwa kete.

Na kadi za kwetu ziandikwe mapema. Wanawake na wanaume waliosomea uuguzi kabla na mara tu baada ya uhuru, wakati Muhimbili ikiitwa Princess Margaret na Kenyatta ikiitwa King George VI, sasa wana miaka 80 na zaidi. Wanafunzi watumwe kwao wawili wawili, wawaamkie, wakae, waulize mambo yanayoweza kuwa kadi. Funguo za kabati la dawa alikaa nazo nani? Ukipata ujauzito ulifanywaje? Metroni akikosea, nani alithubutu kumwambia? Usiku umeme ulipokatika na mama yuko leba, ulifanya nini? Swali liandikwe upande mmoja wa kadi, na alichofanya bibi huyo upande wa pili. Upande wa pili usigeuzwe mpaka wachezaji wote watatu wawe wamekwisha kusema wao wangefanya nini.